Chaki ya Mzee Kombo

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo sijawahi kuihadithia kwa kirefu, na leo nitakuhadithia kwa sababu umeanza kazi na nasikia umeanza kusifiwa. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa fundi wa mabasi hapa hapa London, cheti changu nimekitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, na nilikuwa najiona. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa tu nimezoea kuambiwa kwamba mkono wangu haukosei, na nikaanza kuamini.

Tulikuwa watatu wenye gari moja. Alikuwepo Harish, mzaliwa wa Mombasa, mwenye duka la misumari na rangi kule Kenton, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwepo Mzee Kombo, Mpemba, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa shule kabla hajaihama nchi, na huku akawa mkata tiketi wa reli mpaka akastaafu. Na nilikuwepo mimi, Sule, mdogo wao kwa umri na, kwa maoni yangu ya wakati ule, mkubwa wao kwa kila kitu kingine.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la zamani, milango miwili, injini ya silinda nane, usukani kushoto. Lilikuwa refu hata banda letu la Thamesmead halikulitosha, tukawa tunafanya kazi mlango wazi na baridi inatuingia mifupani. Harish alilikuta kwenye ghala la mkulima mmoja, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ilituchukua miaka mitatu ya Jumapili kulirudisha liwe gari. Mimi nilichomelea sakafu iliyoliwa na kutu, nikaifungua injini yote na kuifunga upya. Harish alitafuta vipuri, akaandikiana barua na watu wa Marekani asiowajua, akawa anapokea vifurushi vya chuma kinachonuka grisi na kuvikumbatia. Mzee Kombo alilipiga msasa bodi lote kwa mkono, kwa maji na karatasi, polepole, akiimba kasida chini kwa chini. Usiniulize faida yake. Mke wangu aliuliza, hakupata jibu, akaacha kuuliza.

Lilipokamilika tukaanza kulipeleka mbio. Usifikirie mbio za kwenye televisheni. Nje ya mji palikuwa na uwanja wa ndege wa zamani, na baadhi ya Jumapili waliufungua kwa watu kama sisi, wenye magari ya kizee na akili za utotoni. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka kijani, mnakwenda moja kwa moja robo maili, basi. Ukishinda unapigwapigwa bega. Ukishindwa unapewa chai.

Sasa sikiliza utaratibu wetu, maana kisa chote kimo humo. Aliyeuweka ni Mzee Kombo. Mtu aliyefunga nati hazikagui mwenyewe, lazima mkono mwingine upite juu ya mkono wake. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyefunga karibu kila kitu, mkaguzi alikuwa yeye. Alitandika kipande cha zulia, akapiga magoti mbele ya kila gurudumu, akaijaribu kila nati kwa spana huku akihesabu kwa sauti. Kisha akachora mstari wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona. Akimaliza gurudumu aliandika ubavuni mwa tairi herufi moja ya Kiarabu, kafu, kafu ya Kombo, kwa mwandiko wa mwalimu, mkono wake mrefu. Gurudumu likifunguliwa tena kwa sababu yoyote, linakaguliwa tena. Gari lisilokuwa na kafu nne haliondoki. Waingereza wawili watatu tuliokuwa tukikutana nao pale walimpenda kwa jambo hilo, wakawa wanamwomba awakagulie na ya kwao. Wao walidhani ile kafu ni picha ya ndoana, na yeye hakuwasahihisha.

Kuna jambo moja zaidi. Nati za upande wa kushoto wa gari lile zilikuwa za kinyume. Nati nyingi duniani unazikaza kwa kuzungusha kulia. Hizo, ukizungusha kulia, unazilegeza. Waliolitengeneza walikuwa na sababu zao. Mzee Kombo, kila akifika upande huo, alikuwa akisema kwa sauti, "Kushoto, kinyume," akanitazama, akaendelea kuhesabu. Nilikuwa nikichukia. Mkata tiketi anamkumbusha fundi mwenye cheti upande wa kukazia nati. Sikusema kitu, maana ni mzee wangu, lakini nilichukia kila Jumapili.

Siku hiyo ninayokuambia, alikagua magurudumu yote manne asubuhi, akaandika kafu zake nne. Karibu na zamu yetu nikasikia breki ya mbele kushoto inalia. Harish alikuwa amekwenda kuandikisha jina, kwa kuwa siku hiyo dereva alikuwa yeye. Mzee Kombo alikuwa nyuma ya vani yetu ya vifaa anasali adhuhuri. Nikapiga jeki, nikalitoa gurudumu, nikairekebisha breki, nikalirudisha. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mikono yangu ya grisi ilikuwa imeifuta kafu, na mistari ya chaki, bila shaka, yote imekatika.

Mara wakatuita tusogee kwenye mstari. Nikashusha jeki, nikashika spana, nikazimalizia nati zote tano kwa haraka, kila moja mvuto mmoja wa nguvu. Mkono wangu ulikwenda kulia, kama unavyokwenda kila siku kazini. Nilikuwa nazilegeza na sikujua.

Hilo, mwanangu, lilikuwa kosa la mkono, na utaratibu wetu uliwekwa kwa ajili ya makosa ya namna hiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kungoja dakika tano mzee atoe salamu. Tungekosa zamu ile tukapata nyingine. Lakini niliona uzito kusimama pale, fundi mzima, nikingoja kukaguliwa kazi ya dakika kumi, na watu wanatuita. Chaki yake ilikuwa juu ya boneti. Nikaichukua, nikachora mistari mitano, nikaandika kafu. Nilisoma chuo cha Kurani kama alivyosoma yeye, kafu naijua. Nikaurefusha mkono wake kama anavyourefusha. Ilitoka vizuri, hata nikafurahi.

Harish akaja mbio, akalizunguka gari akiziangalia kafu zote nne, akaingia. Mzee Kombo akatokea nyuma ya vani anakunja mkeka wake, akasimama ubavuni mwangu kutazama. Taa ikawaka kijani. Gari letu liliondoka vizuri siku ile, lilikuwa mbele. Katikati ya njia gurudumu la mbele kushoto likaanza kucheza, kisha likachomoka na kutangulia peke yake. Gari likainama upande mmoja, chuma kikaikwaruza lami kwa cheche, likaingia majanini, likazunguka mara moja, likasimama.

Tulikimbia. Mzee Kombo naye alikimbia, na alikuwa na miaka karibu sabini. Tulipofika, Harish alikuwa ameshatoka mwenyewe, mdomo unavuja damu, anauliza gari limeumia wapi. Nikashukuru Mungu, na nikajua pale pale ni nani aliyekuwa nusura amuue.

Gurudumu waliliokota mbali, karibu na uzio wa waya. Wakalibingirisha mpaka tuliposimama, wakalilaza, na kafu ilikuwa bado inasomeka. Mzee Kombo aliinama akaitazama muda mrefu. Akapitisha kidole juu yake. Nilimwona midomo ikimtembea, nikaelewa kuwa anaihesabu tena asubuhi yake, nati kwa nati, anatafuta aliteleza wapi.

"Hii kafu yangu," akasema. Kisha akamgeukia Harish. "Nisamehe. Nimekukagulia vibaya."

Harish akamshika bega akamwambia hapana, mzee, ni bahati mbaya tu, chuma ni chuma. Wale Waingereza nao wakasema maneno mazuri. Na mimi niliitikia kwa kichwa. Nataka ulijue hilo, kwamba sikukaa kimya tu, niliitikia kwa kichwa.

Usidhani niliamua kunyamaza. Nilijiambia nitasema tukipanda vani. Kwenye vani nikajiambia nitasema tukifika Thamesmead. Thamesmead nikajiambia nitasema Jumapili ijayo, watu wametulia. Jumapili iliyofuata Mzee Kombo alikuja na chaki yake ameifunga kwenye leso, akamkabidhi Harish, akasema yeye hakagui tena. Akakaa kidogo, akanywa chai, akaondoka. Baada ya hapo hakuja. Sisi wawili tukalitengeneza gari, na nilifanya kazi kwa bidii ya ajabu, Harish akawa ananisifu kwamba mimi ni mtu wa kujitolea.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja nilikuwa kwenye duka la nyama, nikakutana na Zuhura, binti wa Mzee Kombo, ambaye mzee alikuwa akikaa kwake. Zuhura alikuwa nesi, mwanamke wa kazi, si mtu wa kulalamika. Nikamuuliza hali ya baba. Akanivuta pembeni ya foleni.

"Baba anasali mara mbili," akaniambia. "Anasali alasiri, anakaa, halafu anasimama anasali tena. Anasema hana hakika kama ameshasali. Sasa anaweka kokwa za tende dirishani, moja kwa kila sala, halafu hajui kama ni za leo au za jana. Funguo za gari lake amenipa mimi. Daktari wake, GP, amem-refer memory clinic wakampime kumbukumbu, appointment ni wiki ijayo." Akanitazama. "Sule, wewe ulikuwa naye kila Jumapili. Hukuona dalili yoyote kabla?"

Nikamjibu kwamba sikuona. Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusema neno la kweli likanitia aibu kiasi kile. Niliondoka bila kununua nyama.

Kesho yake nikaenda kwao baada ya alasiri. Nilikuta Zuhura yuko kazini na mzee amekaa karibu na dirisha, na kweli kokwa zilikuwa pale, zimepangwa. Alifurahi kuniona. Alikuwa amekonda. Alitaka kusimama anitengenezee chai, nikamwomba akae, na nikasema mara moja kabla sijapata nafasi ya kutafuta namna nzuri ya kusema.

"Mzee, ile kafu hukuiandika wewe. Niliiandika mimi. Wewe ulikuwa unasali, nikalifungua gurudumu, nikalifunga vibaya, nikaandika kafu yako."

Hakukasirika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira na haikuja. Alinitazama tu, kisha akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Akaniuliza, na zile nilizokagua asubuhi? Nikamwambia zile ulizikagua sawasawa, mzee, nilipozifungua zilikuwa zimekaza mpaka nikatumia mguu. Akaniuliza una hakika? Nikamwambia nina hakika. Halafu akaniambia niseme mara ya tatu, nikasema mara ya tatu.

Akaichukua bahasha ya barua ya kliniki iliyokuwa juu ya meza, akaigeuza upande mweupe, akanipa na kalamu.

"Niandikie," akasema. "Kesho nikiamka nitadhani nimeota."

Nikaandika. Niliandika kila kitu kama nilivyomwambia, nikatia jina langu chini. Aliisoma taratibu huku midomo ikitembea, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akauweka mkono wake juu ya mfuko. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Mwishowe alisema kwamba alikuwa ameshamwambia Zuhura, akiona baba amezidi, ampeleke nyumba ya wazee, asijitese na kazi yake na watoto wake. Aliyapanga yote hayo kwa sababu ya gurudumu moja.

"Miezi miwili, Sule," akaniambia, "sijui kama nimesali."

Nikaomba radhi, akaniambia amenisamehe, na alisema hivyo kwa adabu yake ya siku zote. Akaongeza sharti moja tu, kwamba Jumapili twende wote bandani niisome ile bahasha mbele ya Harish.

Niliisoma. Nilisimama karibu na gari letu, mwanamume wa miaka thelathini na minne, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe kwa sauti. Harish alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na kovu dogo mdomoni kutokana na siku ile. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja.

"Mbona hukunena siku ile ile? Mimi ningekutukana, tukala, yakaisha."

Na ni kweli, ndivyo ambavyo ingekuwa. Angenitukana kwa Kiswahili na kwa Kigujarati, na jioni tungekula biriani kwao Kenton. Msimu wote uliofuata sikuruhusiwa kushika spana ya gari la mtu, na nilikubali. Nilikuwa naosha vioo na kubeba viti.

Mzee Kombo alikwenda kliniki hata hivyo, kwa kuwa Zuhura hakutaka mchezo. Daktari akamwambia akili yake haina kasoro. Harish akamrudishia chaki ndani ya leso ile ile, akaipokea, akaanza tena kupiga magoti kwenye kile kipande cha zulia. Watu wakafurahi, wakasema mambo yamerudi kama zamani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi, nikaona hayakurudi. Zamani alikuwa akimaliza gurudumu anainuka, anakwenda jingine. Sasa alikuwa akimaliza anamgeukia Harish.

"Umeniona nikikagua?"

"Nimekuona, mzee."

Kisha ndipo aandike kafu. Akaenda gurudumu la pili, akauliza tena. La tatu. La nne. Bahasha alikuwa nayo mfukoni, daktari alikuwa ameshamwambia yuko mzima, mimi nilikuwa nimeshakiri mbele ya watu, na bado aliuliza. Aliuliza mara nne kila Jumapili kwa miaka yote aliyobaki nasi, mpaka ile Jumapili ya mwisho kabla hajafariki. Na hakuna hata siku moja aliyoniuliza mimi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, na sikuambii kwa ukali. Kosea. Utakosea, hata uwe na cheti gani, na kazi yoyote ya maana imeshaweka nafasi kwa ajili ya makosa. Lakini usiwahi kuandika jina la mwenzako juu ya kazi yako, hata kwa dakika tano, hata kama una hakika kazi ni safi. Ukimwekea mtu alama asiyoiweka, siku mambo yakiharibika hatakwenda kukutafuta wewe. Atajitafuta mwenyewe, na anaweza kujikosa. Na kama umeshalifanya, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaanza kumfariji asiye na kosa. Gari tulilinyoosha kwa wiki tatu, ukilitazama leo hutajua. Moyo wa yule mzee sikujua pa kuufungulia.

Na wakija kukukagua watu usiowaona kuwa mafundi, wape nafasi, kaa pembeni, ngoja. Mwenyezi Mungu akuongoze mikono yako, akuwekee wenzako wenye subira ya kupita nyuma yako, na siku utakapoteleza akupe ulimi wa kusema kabla jua halijatua. Amin, mwanangu. Nenda kazini.